Shahidi wa Upande wa Kaskazini

Mimi sinunui nyumba kwa kutazama mihuri. Muhuri unachongwa. Mimi natazama majirani.

Muuzaji mmoja pale Katesh alinionyesha nyumba safi ya mabati mapya, kisha akanipa mkataba wa mauziano, akisema aliinunua mwaka huu huu. Ulikuwa na mihuri mitatu, na chini yake, kama ilivyo desturi yetu, saini za majirani wa pande zote nne za mpaka. Akaniharakisha, eti kuna mtu wa Singida anaitaka kesho. Nikamwambia huyo wa Singida aje tu, mimi bado nasoma.

Asubuhi nilikwenda peke yangu kwa jirani wa kaskazini. Nikamkuta mama mzee anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba kumwona mumewe, maana saini yake nimeiona kwenye mkataba wa nyumba ya jirani ninayouziwa.

Mama akaweka ungo chini. Akanionyesha kwa kidole kaburi lenye msalaba, karibu na uzio wa minyaa.

"Yuko pale tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema. "Na ile nyumba ni ya shemeji yangu. Huyo anayekuuzia ni mpangaji."

Muuzaji alipokuja kuchukua malipo, nilimpokea vizuri.

"Twende kwanza kwa yule mzee wa kaskazini aliyesaini," nikamwambia. "Siwezi kuwa jirani yake kabla sijampa shikamoo."

Nilipofika kwenye minyaa na kugeuka nyuma, nilikuwa peke yangu.