Milango Iliyopigwa Skrubu

Uvumilivu uliniisha siku msimamizi wa jengo aliposimama chumbani kwangu, mwanangu anakohoa mgongoni, yeye anapaka rangi juu ya skrubu alizozipigilia kwenye milango yangu.

"Meinü, sasa inapendeza," akasema. Mrembo. Hapa Guangzhou sokoni kila mwanamke ni mrembo.

"Laoban," nikamwita, yaani bosi, "mtoto hapumui. Fungua."

"Bu xing!" Haiwezekani. Maharusi wanakuja kupiga picha nje, milango ikiwa wazi nepi zangu zinaonekana, na hii ni nyumba ya kihistoria.

Nikamtoa kwa ufagio. Rangi ikamwagika ngazini, na sikuifuta.

Mume wangu ananunua nguo za jumla katika soko la Shahe. Yeye ndiye aliyekipenda chumba hiki cha ghorofani, kando ya mto, kisha akaenda Dar kupokea kontena. Nikabaki na mtoto. Sauti pekee ya mtu mzima niliyokuwa na uhakika wa kuisikia ilikuwa ya mwongoza watalii, chini ya dirisha, kwa Kiingereza, maneno yaleyale: nyumba ilichorwa ramani na kijana Mwingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Alikuja peke yake kwa meli. Akajenga maghala, akajenga benki, unyevu ukamla mapafu, akarudishwa kwao mgonjwa. Nilimzoea Mwingereza huyo kuliko majirani. Siku nyingine nilimjibu kwa Kiswahili, "Pole, kaka. Hata mimi."

Huyohuyo mwongozaji ndiye aliyenifundisha milango. Mwingereza aliiweka miwili ikitazamana, mmoja wa mtoni, mmoja wa uani, yote ya vibao vya kulaza na kusimamisha, ili upepo upite hata mvua ikinyesha. Sasa vibao vimegandishwa kwa rangi. Masika yakaingia, kuta zikatoka jasho, ukungu ukaota kwenye godoro la mtoto.

Nikapiga simu Dar.

"Vumilia, mke wangu. Nikirudi nitaongea naye kiume."

"Kwani kikohozi kinakusubiri wewe?"

Nikakata. Nikambeba mtoto hadi ofisi ya mtaa. Karani akanisogezea simu ya kutafsiri, akasema malalamiko yawe mafupi. Nikasema, naye akaandika, akapiga muhuri:

"Milango yote miwili ya chumba changu imepigwa skrubu na msimamizi. Mtoto wangu anaumwa kifua. Aliyeichora nyumba hii aliiweka milango hiyo ipitishe upepo, na mwenyewe alijua unyevu wa hapa unafanya nini kwa mapafu. Nepi nitaanika ndani. Skrubu zitolewe leo."