Nilimwachisha mpira kwa namba ambazo hazikuwa zake

Admin, nifichie jina, na chuo wala timu usivitaje, maana Mbeya ni ndogo. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Iringa, Mlandege. Nasoma sayansi ya michezo mwaka wa tatu, na muhula huu chuo kilinipeleka fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye timu moja ya mpira hapa Mbeya. Baba yangu anauza vitenge na hii kozi hajawahi kuielewa. Kila nikirudi likizo ananiuliza mbele ya wateja, "Kwa hiyo mwanangu, ada yote ile unasomea kuhesabu watu wanaokimbia?" Wateja wanacheka, na mimi nacheka, ila roho inauma. Nilienda fildi nimejiapiza kwamba nitawaonyesha.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kila mchezaji anavaa kivesti chenye mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko kinakaa kifaa kidogo kinachopima amekimbia umbali gani na kwa kasi gani. Mazoezi yakiisha nakusanya vifaa, naingiza data kwenye laptop, asubuhi nampa mwalimu wa timu ripoti. Kila kifaa kina namba iliyosajiliwa kwenye laptop kwa jina la mchezaji, na juu yake stika ya jina hilo ili kila mtu avae chake. Wiki ya pili ikanyesha mvua ile ya Mbeya isiyojua kukata, stika mbili zikabanduka. Nikaandika majina upya, nikabandika kwa kukumbuka tu. Orodha ya namba na majina ilikuwa kwenye daftari, daftari kwenye begi langu, hapohapo pembeni. Nilikuwa na haraka, sikulifungua.

Stika hizo zilikuwa za mawinga wawili waliokuwa kwenye majaribio. Mmoja nitamwita Festo, kijana wa Mafinga aliyeacha kibarua cha kubeba mbao ili aje kujaribu bahati yake. Mwingine nitamwita Idrisa. Hapa naomba msinitukane kwanza: Idrisa ni mchumba wangu. Posa yake iko kwa baba tangu mwaka jana, ila pale timu hakuna anayejua.

Nafasi ya winga ilikuwa moja. Tulipokaa kikao, ripoti zangu zilionyesha Idrisa anakimbia mpaka dakika ya mwisho, Festo anachoka mapema na harudi kukaba. Kocha msaidizi, mzee mmoja wa Tukuyu, akagoma. "Binti, Festo mimi namuona kwa haya macho yangu. Yule mtoto anakimbia mpaka namuonea huruma." Nikamgeuzia laptop, nikamwambia, "Mwalimu, macho yana upendeleo, namba hazina." Watu wakacheka. Sitaki kudanganya, siku ile nilijisikia mtu mkubwa. Festo akaachwa jioni ileile. Kabla hajaondoka aliniomba nimwonyeshe ripoti yake. Nikamwonyesha ukurasa kwa ukurasa, naye anaitikia tu, "Sawa dada. Sawa."

Wiki iliyopita nilikuwa nakata vipande vya video kwa ajili ya ripoti ya chuo. Nikafika kwenye mechi moja ya kirafiki ambayo Festo alianza, Idrisa akakaa benchi kipindi chote cha kwanza, amejifunika jaketi. Nikafungua data ya siku hiyo nilinganishe. Kwenye laptop, kifaa cha Idrisa kimekimbia kilometa tano kipindi cha kwanza. Cha Festo kimetulia tuli. Ndugu zangu, mtu aliyekaa benchi anakimbiaje kilometa tano? Na ripoti ya siku hiyo niliituma mimi mwenyewe, bila hata kuangalia nani alianza.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Idrisa, nikidhani mzigo tutaubeba wote. Akauliza, "Kwa hiyo mvivu ni mimi?" Kisha akasema, "Sikiliza. Mkataba nasaini Ijumaa. Ukifungua mdomo, mimi naachwa, wewe unafukuzwa chuo, na watu watasema ulimpendelea mchumba wako. Nani ataamini habari za mvua na stika? Na ndoa mwambie mzee wako asahau." Kinachonimaliza ni kwamba hapo kwenye watu kusema, hajakosea. Hata mimi ningekuwa nasoma kisa hiki cha mtu mwingine nisingeamini.

Juzi nikatafuta namba ya Festo, nikampigia. Yuko Makongolosi, anashuka kwenye mashimo ya dhahabu. Nilijua atanitukana, na kusema kweli nilitamani anitukane. Badala yake akasema, "Dada, tena nakushukuru. Mimi nilikuwa najiona nakimbia sana, kumbe najidanganya. Bora ulinionyesha mapema." Nikamuuliza kama bado anacheza. Akacheka kidogo. "Jumapili wachimbaji wenzangu huku wanacheza, wananiita, nimekataa. Nitawaangusha bure." Nilishindwa kusema nililompigia. Nikasingizia mtandao, nikakata simu, nikalia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Leo ni Jumatano, keshokutwa Idrisa anasaini. Nikisema, shahada naiona inakwenda, mchumba anakwenda, na baba nitamtazama vipi? Nikinyamaza, kuna mtu yuko shimoni Makongolosi atazeeka akiamini kwamba hana miguu ya mpira, kwa sababu mimi nilimwambia na yeye akaniamini kuliko mwili wake mwenyewe. Wenye busara, wenye watoto vyuoni, hata nyie mnaojua mpira tu, niambieni: nimfuate mwalimu kesho na hiyo video, au nianze kwa Festo? Na nikimpigia Festo, namwambiaje? Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu kabla ya Ijumaa.