Vikaratasi vya Fundi

Fundi cherehani ninayewasimulia habari zake hakuandika jina la mteja kwenye nguo hata siku moja. Majina yanafanana, alisema, utampa mnene gauni la mwembamba. Alibana kikaratasi kwa pini: "Aliyekuja na mwavuli uliovunjika." "Anayecheka kabla ya kusema." Miaka ishirini, hakuna nguo iliyopotea.

Binti yake aliolewa na Mwitaliano, wakahamia kwao mume. Mjukuu akakulia huko, akajua Kiitaliano tu. Kila Jumapili fundi, bibi yake, alimpigia simu ya video kwa maneno machache ya Kiitaliano aliyofundishwa na binti yake. Umekula? Sì, yaani ndiyo. Shule nzuri? Sì. Kisha uso unatoweka, kinabaki kiti kitupu.

Jumapili moja mtoto alimnong'oneza mama yake jambo. "Anasemaje?" bibi akauliza.

Binti alisita. "Anasema kuongea na wewe ni kama kusomewa orodha ya sokoni."

Neno lile alishona nalo wiki nzima. Aliona mtoto atakua bila kumjua bibi yake, ila kama sauti inayouliza chakula. Akaenda kwa mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuhudumia meza za Waitaliano hotelini, akaomba afundishwe.

"Maneno unayo, mama," mzee alisema. "Umeyakata tu, hujayashona." Akamwonyesha neno che, linaloshika kazi ya "ambaye".

"Hilo ni la watu au la vitu?"

"La vyote."

"Na wakiwa wengi?"

"Hilo hilo."

"Wavivu hawa. Sisi tuna ye, cho, lo, yo."

"Ngoja kwanza," mzee akacheka, akamletea cui: ambaye kwake, ambacho kwacho. Hapo fundi aliumwa kichwa wiki mbili. Mwishowe akaona kwamba Kiswahili hukificha kiungo hicho tumboni mwa kitenzi, kama mfuko wa ndani, na wenzetu huushona mfuko kwa nje. Kuanzia siku hiyo vikaratasi vyote akaviandika kwa Kiitaliano.

"Shoga, hivi vikaratasi kama vya mganga nitavisomaje?" akauliza mwenzake wa cherehani ya pili, waliyemwita Kidole.

"Utaniuliza."

"Na ukifa?"

"Watavaa walizonazo."

Jumapili ikafika. Alikuwa amekariri hadithi nzima, lakini uso wa mtoto ulipotokea, yote yakayeyuka. Mtoto akaanza kuinuka. Bibi akaigeuza simu kwenye kamba ya nguo, akasoma kikaratasi cha kwanza: La signora che ride prima di parlare. Mama anayecheka kabla ya kusema.

Mtoto akasimama pale pale. Kwa nini anacheka kwanza? Bibi akaeleza kwa kubabaisha. Na ile? Koti la bwana ambaye mbwa alimlia mkono wa koti: l'uomo a cui il cane ha mangiato una manica. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Nguo zikaisha. Mtoto akauliza: yangu ungeiandika nini?

"La bambina che..." bibi akaanza, mtoto wa kike ambaye, akakwama. Safari hii maneno yalikuwepo. Alichokosa ni cha kusema: hakujua mtoto huyu anacheka lini, anaogopa nini, anatembea vipi.

"Non lo so," akasema. Sijui. "Dimmi tu." Niambie wewe.

Mtoto akasogeza kiti karibu na simu, akaanza. Bibi akachukua kikaratasi kitupu, akachonga penseli.