Ringi ya Msiba

Watu wa Tegelo, huko juu milimani Uluguru, wana sifa moja ambayo hata adui yao hawezi kuwanyima: wanajua kuzika. Akifa mtu, hata awe mlevi aliyewatukana wote, ringi ya gari inayoning'inia kwenye mfenesi karibu na kanisa dogo la kigango itagongwa, mlio mmoja mmoja kwa kuachanisha, na muda si mrefu wanaume watakuwa pale na majembe na sururu, wanawake na unga, kuni na ndoo za maji. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa akisali wapi. Asiyezika wenzake naye hazikwi, na hilo halijaandikwa popote, lakini hakuna asiyelijua.

Ila waite wakiwa wazima wote, loo! Hapo ndipo utawatambua.

Angelina aliwatambua kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa mpiga ringi. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, aliyekuwa katekista. Tena alikuwa balozi wa nyumba kumi, cheo kisicho na mshahara wala kiti, kina lawama tu. Masika yaliposhusha kifusi kikafunika barabara pale konani, alipiga ringi ya mkutano, ile ya harakaharaka, akaitisha msaragambo, watu wachimbe kwa pamoja. Walikuja watu watano na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Jumamosi iliyofuata akapiga tena. Wakaja watatu, na mbuzi naye hakuonekana.

"Barabara ni ya serikali, mdogo wangu," kaka yake Severin alimwambia. "Tukiichimba sisi, wao watafanya kazi gani?"

Mwenyekiti wa kitongoji alisema ameshapeleka taarifa kijijini. Kijiji kikasema taarifa iko kata. Kata ikasema tingatinga litakuja bajeti ikiruhusu. Basi kila mtu alikuwa ameshatimiza wajibu wake, na kifusi kilikuwa palepale.

Angelina hakuwa akikosa usingizi kwa ajili ya barabara. Alikuwa akikosa usingizi kwa ajili ya Tumaini, binti yake, mwenye mimba ya pili. Ile ya kwanza alijifungua kwa kupasuliwa, na muuguzi wa zahanati alisema bila kuzunguka, "Mama, huyu asithubutu kuzalia nyumbani, wala hapa kwangu. Mshono unaweza kuachia." Mipango ilikuwa Tumaini ashuke mapema, akasubirie siku zake Kihonda mjini kwa shangazi yake, karibu na hospitali. Kifusi kikawahi. Mtu mzima mwenye miguu yake aliweza kupita juu ya lile tope kwa kushika mizizi, huku korongo limemkodolea macho chini. Hata hivyo kijana mmoja aliteleza pale na mkungu wake wa ndizi, akavunjika mguu. Sembuse mjamzito?

"Mama, acha wasiwasi, mwezi wenyewe bado," Tumaini alikuwa akimwambia. Angelina alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia. Binti akikohoa tu, mama ameshasimama.

Asubuhi moja alikuwa akikoroga uji jikoni Tumaini alipotokea mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Mama, chupa imepasuka."

Mwiko ukamtoka mkononi. Alimpigia simu Abdulatif, mwenye gari la Noah kule chini sokoni. "Mimi nakuja hadi konani, mama," Abdulatif alisema, "lakini kuvuka sivuki. Mleteni upande wangu." Wamlete akina nani? Alikimbia kwa jirani wa kwanza, akaambiwa ameenda kwenye kabichi zake. Wa pili alikuna kichwa akasema tumwambie mwenyekiti kwanza. Simu ya mwenyekiti haikupatikana.

Angelina akajikuta chini ya mfenesi, kipande cha nondo mkononi. Apige ya mkutano? Watakuja watano na mbuzi. Alijua mlio ambao Tegelo nzima haiukatai. Alijua pia wanavyosema juu ya mtu anayeita msiba kwenye nyumba isiyo na maiti. Marehemu mumewe aliwahi kumchapa mtoto wao wenyewe kwa kuuigiza mlio ule, na hakuwa mtu wa kuchapa watoto. "Mungu wangu, nisamehe," akasema. Akagonga mara moja. Akasubiri mpaka sauti ikaishia bondeni, akagonga tena.

Wakaja. Jamani, walikuja! Walitoka mashambani, walitoka vitandani, wengine hata uso hawajanawa. Yule wa kabichi alikuja mbio na tope magotini. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kulia njiani, na hajui anamlilia nani. Severin alitangulia, sururu begani, na nyuma yake vijana wamebeba kitanda cha kamba, kile cha kubebea maiti.

"Nani?" Severin aliuliza akihema. "Angelina, nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado, kaka. Ndiyo maana nimewaita."

Kilio cha yule mwanamke kilikatika katikati.

"Tumaini ameshikwa na uchungu," Angelina aliendelea. "Gari liko ng'ambo ya kifusi. Majembe mnayo. Mkitaka, kachimbeni njia sasa hivi. Hamtaki, rudini makwenu, ila msiende mbali, maana jioni nitawaita tena, na hiyo itakuwa ya kweli."

Severin alimjia karibu kwa hasira mpaka midomo inamcheza. Kwa Waluguru mjomba ndiye nguzo ya watoto wa dada yake, na Tumaini alikuwa wake kama wa kumzaa. "Umemwitia kifo mwanangu! Uchuro gani huu? Hujui lisemwalo lipo, na kama halipo laja?"

"Najua, kaka."

Alijua, na ndicho kilichokuwa kikimkata maini. Watu walinung'unika, wengine wakageuka waende zao. Ndipo Tumaini alipoguna ndani ya nyumba, mguno mrefu, na kila mtu akausikia. Severin akatema mate pembeni, akashika njia ya konani bila kuongeza neno. Wengi wakamfuata.

Walichimba kama watu waliochelewa kuzika. Wanawake walimwaga maji yao ya msiba, wakazolea tope kwa ndoo zilezile. Upande wa pili Abdulatif naye alipiga chepe, huku anapaza sauti kuuliza hali ya mgonjwa. Tumaini alilazwa juu ya kile kitanda cha kamba, kwani kingine hakikuwepo. Angelina alitandika kanga zake zote ili binti asizione zile kamba, lakini yeye mwenyewe alijua ziko pale. Kila uchungu ulipokuja alimtazama binti yake usoni na kuwaza: akifa, nimemwita mimi, kwa mkono wangu huu.

Njia ilipotosha watu wawili sambamba, vijana wakanyanyua kitanda na kutanguliza miguu, kama walivyozoea makaburini.

"Kichwa mbele!" Severin alinguruma. "Hatuendi kuzika!" Wakageuza.

Huko hospitali mtoto alizaliwa kwa kisu, wa kike, analia kwa ghadhabu. Tumaini alipoteza damu nyingi, akaongezewa, na Angelina alikesha kwenye benchi la hospitali bila kuthubutu kuomba dua kwa sauti. Kesho yake binti alifumbua macho akaomba uji. Hapo ndipo Angelina alipolia mpaka watu wakadhani amefiwa.

Waliporudi Tegelo, wazee walimtoza kuku mweupe wa kuondoa uchuro, akatoa kwa mikono miwili. Severin hakumsemesha. Alichukua ile nondo akaenda kuiweka kwake. "Siku akifa mtu kweli," alisema mbele ya wote, "watu watakaa majumbani, watasema ni Angelina na barabara zake." Na ile njia? Iliachwa vilevile ilivyo, tingatinga likaendelea kusubiriwa, na kila mvua ikamega kipande.

Siku moja yupo kwenye bustani yake ya karoti, akasikia ringi. Mlio mmoja. Kimya. Mlio mwingine.

Alikimbia nyumbani, akampita Tumaini aliyesimama mlangoni, akaweka kiganja puani kwa mjukuu mchanga. Anapumua. Basi ni nani? Akajitwisha unga, akakimbilia kwenye mfenesi. Watu walikuwa wakija, si wengi kama siku ile, lakini walikuwa wakija. Aliyeshika nondo alikuwa Severin.

"Nani, kaka?" Angelina aliuliza. "Nani amekufa?"

Severin hakumtazama. Alikuwa akitazama kule konani, mvua ya usiku ilikokula nusu ya njia.

"Bado," akasema. "Weka huo unga chini, ukalete jembe."