Ujumbe wa Kipaimara

Jenipha, jirani yetu anayeuza dagaa hapa Nyamwaga, ndiye aliyeniletea habari za nyumbani kwangu mwenyewe.

"Mama Nyangi, kumbe wifi yako anaolewa? Nasikia vyuo viwili vimemwita, akavikataa vyote. Ng'ombe wako njiani."

"Umesikia wapi?"

"Kwenye foleni ya mashine ya unga. Nyie Wakurya mkiona ng'ombe hamwoni tena shule."

"Na nyie Wasukuma mkiona foleni mnahesabu ng'ombe wa watu."

Akacheka, akaniongezea dagaa. Mimi sikucheka sana, maana uongo wake ulikuwa umekaa jirani na ukweli.

Wifi yangu anaitwa Mokami. Ni mdogo wake Simon, mume wangu, ambaye siku nyingi yuko machimboni. Nilipoolewa hapa na darasa langu la saba, Mokami alikuwa kidato cha pili. Tangu nimzae Nyangi, kadi ya kliniki anaitunza yeye. Nikirudi kupima mtoto anaichukua, anaunganisha zile alama za uzito kwa penseli, anatazama kama mstari unapanda au umelala. Kuna mwezi ulilala. Alikaa chini na mimi, akaniuliza mtoto anakula nini, saa ngapi, anaharisha mara ngapi, na hata mara moja hakunifanya nijione mama mbaya. Nikajua huyu ni daktari, bado hajasomea tu.

Kidato cha sita alipata divisheni wani. Akaomba udaktari vyuo viwili, kimoja Mwanza na kingine Dodoma, na ualimu akaujaza kama chaguo la mwisho. Laini yake ya simu ilikuwa ya Kenya, kapewa na shangazi yake wa Kehancha, na fomu ya kwenye mtandao ikaikataa. Akaandika namba yangu.

"Wifi, ujumbe ukija nipigie," akasema, akaenda Kenyamonta, upande wa Serengeti, kumuuguza bibi yake. Kule ukitaka kuongea na simu mpaka upande kilima.

Ujumbe ulikuja Jumanne, nachambua maharage. Kiingereza kitupu. Nikampigia Mokami, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Aliyekuwepo nyumbani ni baba mkwe, Mzee Tomaso, ambaye zamani alikuwa karani wa ushirika wa kahawa na Kiingereza anakisoma. Lakini kwetu mkamwana hamsogelei baba mkwe, wala hampi kitu mkononi. Mtu wa kumtuma hakuwepo. Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikausoma kwa sauti kama herufi zilivyo, kama tulivyosoma shuleni. Mengi yalinishinda. Neno moja lilirudi mara mbili.

"Rudia hapo," akasema kutoka upande wa pili.

"Konfirimu, baba. Mokami konfirimu."

Akafikiri. Kwa dada yake kule Kehancha, kipaimara wanakiita konfameshen.

"Hao ni wa kanisa," akasema. "Mokami alipata kipaimara yuko darasa la sita, askofu mwenyewe alimpaka mafuta. Labda wanataka mchango. Achana nao."

Nikaachana nao.

Jumatatu iliyofuata Mokami akapiga, upepo wa kilimani unavuma ndani ya simu.

"Wifi, hakuna ujumbe?"

"Hakuna. Kuna ule wa kipaimara tu."

"Wa nini?"

Nikamsomea. Akanitaka nisome tena, polepole. Kisha akaniuliza mwishoni wameandika tarehe gani. Nikamwambia. Ilikuwa ya Jumamosi, siku mbili nyuma.

Vyuo vyote viwili vilikuwa vimemchagua, Mwanza kwa udaktari, Dodoma kwa ualimu wa sayansi. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakokwenda. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine, na wanaotaka udaktari ni wengi kuliko viti. Ndicho walichokuwa wakimwambia: thibitisha. Akateremka kutoka Kenyamonta, akaomba tena awamu ya pili. Udaktari umejaa kotekote. Mwanza wakampa maabara. Dodoma wakampa ualimu uleule.

Hakunigombeza. Alifika akamchukua Nyangi mgongoni kwangu kama kawaida yake, akaomba kadi, akatazama mstari. Heri angenigombeza.

Mzee Tomaso siku mbili hakula vizuri. Jioni moja akaja karibu na mlango wangu, mbali kidogo, akiwa ametazama zizi.

"Mama Nyangi. Siku ile ungenipa ile simu, ningesoma."

"Ningekupaje, baba?"

"Kweli," akasema. "Ungenipaje."

Akaondoka. Kila mmoja wetu alikuwa amefanya linalotakiwa.

Mokami angeweza kungoja mwaka mzima aombe upya. Lakini kuna watu wa Ringwani wameshaulizia posa, na baba yake hajawakatalia moja kwa moja. Mwaka nyumbani ni mrefu kwa msichana. Kwa hiyo ilibidi achague, na leo ilikuwa siku ya mwisho.

Tulikaa jikoni, simu yangu katikati yetu. Namba ya siri ya kuthibitisha alikuwa ameinakili kwenye kiganja kwa kalamu.

"Chukua Mwanza," nikamwambia. "Ni karibu. Na maabara si hospitali pia?"

"Ni hospitali. Kila asubuhi nitapita mlangoni kwa wale wa udaktari, wifi. Nitakuwa natafuta aliyekaa pangu."

"Utazoea."

"Ndicho ninachokiogopa."

Akafuta jasho, ile namba ikaanza kufifia kiganjani, akaisoma haraka haraka na kuiandika kwenye simu. Dodoma, ualimu. Ikatokea ile sehemu ya kijani ya kubonyeza, na juu yake neno lilelile. Safari hii nililisoma sawasawa, nikiwa nimechelewa wiki tano.

Kidole chake kilifika juu ya kioo kikasimama. Akakirudisha. Akajaribu tena. Nyangi akaanza kulia mgongoni kwangu.

Mokami akanisogezea simu.

"Wifi," akasema, "bonyeza wewe. Nipe mimi mtoto."