Mkono wa Baba Mkubwa

Walisema mtoto wa kijijini Mwazye aliyezoea jembe hatapata diploma. Nilirudi Sumbawanga nayo, ya tiba ya viungo, na wagonjwa waliowashinda wengine mimi niliwatembeza. Wote walionikopesha ada nilishawalipa, isipokuwa baba mkubwa, aliyeuza ng'ombe kwa ajili yangu.

Kiharusi kilipompooza mkono wa kulia, nilimfundisha kukunjua vidole na kumega mwenyewe ugali wa ulezi kila mlo. Niliporudi kwake baada ya miezi miwili, wake za wanawe walikuwa wakimlisha.

"Shemeji, mzee ajimegee na sisi tupo? Diploma yako haina aibu?"

Vidole vilishakakamaa, havikunjuki tena. Siku hiyo nilikuwa nimemletea ng'ombe, deni langu la mwisho. Alinyoosha mkono ule wa kulia kupokea kamba, ikaanguka.