Viatu Mlangoni kwa Marehemu

Jumamosi asubuhi, hapa mjini Garland, Mkenya mmoja dereva wa malori alinivuta twende kwenye nyumba ya mzee aliyefariki, tukatafute kadi za zamani za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hununua kwa bei kubwa. Huku ughaibuni, mtu akishazikwa, watoto wake hufungua mlango na kuuza kila kitu, na wapita njia huingia hadi chumbani.

Nilipiga hodi, sikuitikiwa. Nikavua viatu mlangoni, kama tunavyofanya msibani.

"Wewe bana, hii si matanga," mwenzangu akanicheka. "Ingia tu-check chumbani."

Niliingia na soksi. Miwani ya marehemu ilikuwa bado kando ya kitanda, imetazama mlangoni. Mwenzangu akapiga magoti, akavuta boksi la viatu kutoka uvunguni. Kadi zilikuwemo, zimefungwa kwa mpira. Akaanza kuzihesabu kwa furaha. Mimi niliitazama ile miwani.

Tulipofika mlangoni kulipa, viatu vyangu havikuwepo. Binti wa marehemu, ambaye sasa alikuwa amesimama pale mlangoni akiuza, akashika kifua.

"Samahani sana," aliniambia kwa Kiingereza. "Nilidhani ni vya baba. Vimenunuliwa sasa hivi."

Mwenzangu alicheka njia nzima, boksi la viatu mapajani. Mimi sikucheka. Siku ile viliuzwa vitu vya marehemu, na vyangu vikiwemo. Tangu hapo, hata kwangu mwenyewe, nikivua viatu nalala navyo chumbani, visije vikauzwa kabla sijafa.